Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Jumapili ya Nane ya Mwaka A
Masomo: Isaya 49:14-15, 1 Wakorintho 4:1-5, Mathayo 6:24-34



Injili ya Jumapili hii inatuagiza tusisumbukie mavazi. Bwana wetu anawatazama watu waliomzunguka, wengi wao maskini wenye vazi moja la kushindia na kulalia, naye anawaambia wasijitaabishe kwa kujiuliza watavaa nini. Baada ya kuyasikia maneno hayo, huenda msikilizaji akashangaa tukimwambia kwamba leo tunataka kuzungumza juu ya mavazi. Tena si mavazi ya kawaida, bali yale ya thamani kubwa mno yanayoshonwa kwa mkono mjini Paris, yaliyojaa tarizi, lulu na manyoya ya ndege. Atasema kwamba tumepotea njia. Tunamwomba atuvumilie kidogo, kwa maana tunaamini kwamba njia hiyo itaturudisha kwenye Injili yenyewe.

Kwanza tuzingatie jinsi Bwana alivyosema. Hakuwaambia wafuasi wake wafumbe macho wasiuone uzuri. Aliwaambia kinyume chake: wayaangalie maua ya mashamba, jinsi yanavyomea. Anayetuagiza kuangalia anataka tusimame, tuiname, tutazame kwa makini. Kisha akamtaja mfalme Solomoni katika fahari yake yote. Hakusema kwamba vazi la Solomoni lilikuwa baya. Alisema tu kwamba hata Solomoni hakuvikwa kama ua moja la kondeni. Mfano huo ungekosa nguvu kama Solomoni angekuwa amevaa gunia. Vazi lake lilikuwa zuri kweli, na mafundi waliolishona walikuwa hodari kweli; lakini Mungu, akiyavika majani ambayo kesho yatatupwa motoni, amewazidi wote.

Tuchukue mfano mmoja ili tupime maneno hayo. Mwaka 1988, mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alionyesha mjini Paris jaketi lililotariziwa maua ya irisi. Maua hayo aliyachukua katika picha iliyochorwa mwezi Mei 1889 na Vincent van Gogh, wakati mchoraji huyo alipokuwa mgonjwa akitunzwa katika hospitali ya Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Mgonjwa yule aliyakuta maua yamechanua katika bustani ya hospitali, akayatazama, akayachora. Karibu miaka mia moja baadaye, watarizi wa karakana ya Lesage wakayageuza kuwa vazi. Wanaoijua kazi hiyo wanasema kwamba jaketi hilo moja lilihitaji puleki zipatazo 250,000 za rangi 22, yaani vile visahani vidogo vinavyometameta, pamoja na shanga zipatazo 200,000 zilizoshonwa moja moja, na utepe wa mita 250. Kazi ya mkono ilichukua saa 600 hivi.

Saa 600, ndugu zangu! Fundi mmoja akifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa juma, atahitaji zaidi ya majuma kumi na mawili. Na yote hayo ni kwa ajili ya kuukaribia tu uzuri wa ua ambalo Mungu huliotesha kwa mvua na jua, pengine mahali ambapo hapiti mtu. Mtu asiyeijua kazi ya kutarizi anaposikia kwamba ua la kondeni limempita Solomoni, huitikia "Amina" na kwenda zake. Lakini mtu aliyekwisha kujaribu kulitarizi ua moja, akafumua, akaanza tena, huyo hunyamaza. Amepima kwa mikono yake mwenyewe. Basi kuuheshimu ufundi wa mwanadamu hakutuondoi kwa Mungu. Kwaweza kuwa ngazi ya kumpandia.

Sasa tuingie katika karakana yenyewe, tuone jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Watarizi wa Paris hutumia chombo kidogo chenye ncha iliyopinda, kiitwacho ndoano ya Lunéville, kwa jina la mji wa Ufaransa ambao ufundi huo ulisifika. Kitambaa huwambwa katika fremu kikakazwa kama ngozi ya ngoma. Mtarizi huketi mbele yake, na upande ulioelekea macho yake ni upande wa nyuma wa kitambaa. Shanga na puleki zimo chini, upande wa mbele, asikokuona. Mkono mmoja huwa chini ukizisogeza shanga zilizotungwa katika uzi. Mkono wa pili huwa juu ukichoma ndoano na kuvuta uzi, tundu baada ya tundu. Yeye huona mchoro na mstari wa mishono tu. Uzuri wote unamea chini ya kitambaa, gizani, naye huujua kwa vidole. Akitaka kuona alichokifanya, hana budi kuinama na kuchungulia, au kuigeuza fremu.

Wafaransa wana jina la mafundi wanaofanya kazi katika karakana hizo. Huwaita "mikono midogo". Jina hilo lina upendo, na pia lina uchungu ndani yake. Lina upendo, kwa sababu mikono hiyo ndiyo inayojua siri zote za nyumba. Lina uchungu, kwa sababu vazi likitoka nje, huvaa jina la mwenye jumba la mitindo, na mikono hubaki bila jina. Mama Kanisa hajawasahau: kwa muda mrefu washonaji wa Ufaransa wamekuwa wakimheshimu Mtakatifu Katarina wa Aleksandria kama msimamizi wao, na tarehe 25 Novemba, sikukuu yake, wasichana wa karakana za Paris waliotimiza miaka 25 bila kuolewa wamekuwa wakivikwa kofia za rangi ya kijani na manjano, na kufanyiwa sherehe.

Hatuna haja ya kufika Paris ili kuielewa kazi ya namna hiyo. Watu wa Pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja, wanazijua kofia za viua zinazoshonwa kwa mkono, kitundu kimoja kimoja kikizungushiwa uzi. Kofia moja nzuri yaweza kuchukua majuma mengi, hata miezi, na mara nyingi aliyeishona ni mama aliyeketi nyumbani kwake kati ya shughuli nyingine. Anayeivaa huonekana barabarani na kusifiwa. Aliyeishona haonekani.

Je, Maandiko Matakatifu yanasemaje juu ya watu hawa? Yanasema mambo makubwa kuliko tunavyodhani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 35, Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake, na kwamba amemjaza roho ya Mungu. Amjaze kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kuongoza jeshi? Kwa ajili ya kutabiri? La hasha. Amemjaza ili afanye kazi ya dhahabu, ya fedha, ya vito na ya mbao. Pamoja naye akamweka Oholiabu wa kabila la Dani, ambaye sura ya 38 inamtaja kuwa fundi wa kutarizi nyuzi za rangi na kitani safi. Hebu tulifikirie jambo hilo: mtarizi ametajwa katika Biblia kwa jina lake, kwa jina la baba yake na kwa kabila lake, na ustadi wake umehesabiwa kuwa zawadi ya Mungu. Kazi zilizoagizwa zilikuwa za makini kabisa. Sura ya 28 inaeleza vazi la kuhani Haruni: vito kumi na viwili kifuani, kila kimoja kikiwa na jina la kabila, na katika upindo, makomamanga ya nyuzi za rangi yakipishana na njuga za dhahabu.

Hata zaidi, tuusome Zaburi ya 139. Mzaburi anamsifu Mungu kwa jinsi alivyomwumba sirini, tumboni mwa mama yake. Katika lugha ya Kiebrania, neno analolitumia mahali hapo ni la mzizi ule ule unaotumika katika kitabu cha Kutoka kumtaja mtarizi. Ni kana kwamba anasema: Bwana, umenitarizi. Mungu mwenyewe, basi, amefananishwa na yule mama mwenye sindano. Naye pia hufanya kazi yake sirini, gizani, upande ambao sisi hatuuoni.

Lakini, wapendwa, tusije tukasifu nusu ya ukweli tu. Maandiko hayo hayo yanayomsifu Bezaleli yanatuonya pia. Nabii Isaya, katika sura ya 3, anawakemea wanawake wa Sayuni wenye majivuno, naye anazitaja njuga zao, vikuku vyao na shela zao moja baada ya nyingine. Mtume Yakobo anawakemea Wakristo wanaompa kiti cha mbele mtu mwenye vazi zuri, na kumwambia maskini asimame kule. Kosa halimo katika uzi. Kosa limo katika moyo unaoligeuza vazi kuwa ukuta kati ya mtu na mwenzake, na kumgeuza fundi kuwa chombo. Ndiyo maana Injili ya leo inaanza na onyo kwamba hatuwezi kumtumikia Mungu na mali. Uzuri unaweza kuwekwa mikononi mwa bwana yeyote kati ya hao wawili.

Historia ya karakana za Paris inatuonyesha jambo hilo waziwazi. Mwezi Mei 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, washonaji wa majumba ya mitindo walielezwa kwamba watapumzishwa Jumamosi mchana, lakini bila kulipwa kwa saa hizo. Maisha yalikuwa yamepanda bei, na ujira wao ulikuwa mdogo. Wakaweka sindano chini, wakatoka barabarani kwa maelfu, wasichana kwa wanawake. Mwezi uliofuata, Juni 1917, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria iliyowapa wanawake wa viwanda vya mavazi mapumziko ya Jumamosi mchana. Wale waliokuwa wakishona maua juu ya mabega ya matajiri walikuwa wakiomba nusu siku tu ya kupumzika bila kupunguziwa mkate.

Na siku hizi? Sehemu ya tarizi za majumba makubwa ya Ulaya hufanywa India, hasa katika karakana za Mumbai, na mafundi wenye ustadi uliorithiwa kwa vizazi. Kwa muda mrefu watu wachache tu walilijua jambo hilo, kwa kuwa lebo ya vazi hutaja jumba, haimtaji aliyetarizi. Mwezi Machi 2023, jumba la Dior lilionyesha mavazi yake mjini Mumbai, mbele ya Lango la India, likaitangaza hadharani kazi ya watarizi wa huko. Ni jambo jema fundi kutajwa. Hata hivyo sifa peke yake haijazi sufuria. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa na matajiri unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Na Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira wa haki ni deni, wala si sadaka.

Tukiishia Paris na Mumbai tutakuwa tumewahukumu wengine na kujisahau wenyewe. Hatuna budi kuungama jambo lililotokea kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukijiandaa kwa jubilei katika parokia tuliyoitumikia, tulitaka kasula mpya. Muumini mmoja mwenye uwezo akatoa kitambaa. Kina mama wanne wa jumuiya ndogo ndogo wakakitarizi kwa mkono: masuke ya ngano mbele, mzabibu mgongoni. Walifanya kazi hiyo kwa miezi minne, jioni, baada ya shamba na baada ya jiko. Tulipopatana bei, tuliwapunguzia sana, tukisema kwamba ni kazi ya Mungu. Wakakubali. Siku ya jubilei tukamshukuru mbele ya umati yule aliyetoa kitambaa. Jina lake likasomwa mara tatu, na watu wakapiga makofi. Kina mama wale walikuwa wameketi katika mabenchi ya nyuma. Hatukuwataja.

Juma lililofuata, mmoja wao, mama wa makamo, alikuja sakristia kurekebisha upindo. Alipomaliza aliigeuza kasula, akatuonyesha bitana iliyoachia kidogo na mishono iliyokuwa ndani. Hapakuwa na uzi uliolegea, wala fundo lililovimba. Akasema: "Huku nyuma nako tumekushona vizuri, Baba, ingawa hakuna atakayekuona." Tukamsifu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa heshima zote: "Baba, kazi ya Mungu tunaifanya kwa moyo. Ila mtoto haendi shuleni na moyo, anakwenda na ada."

Hakusema zaidi. Akatuamkia, akaenda zake. Nasi tukabaki na kasula mikononi, nzuri upande wa mbele na nzuri upande wa nyuma, tukaona kwamba mahali palipokuwa na fundo baya ni mioyoni mwetu. Tulikuwa tumelitumia jina la Mungu ili kupunguza bei. Tuliitisha kamati ya fedha, tukawalipa kina mama wale kiasi kilichobaki, na Jumapili iliyofuata tukayasoma majina yao manne. Makofi hayakuwa mengi kama yale ya kwanza, kwa kuwa jubilei ilikuwa imekwisha kupita.

Sasa tulisikilize tena somo la pili. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho wasihukumu neno kabla ya wakati wake, maana Bwana atakapokuja atayatia nuruni yaliyofichwa gizani, na hapo ndipo kila mtu atakapopewa sifa yake na Mungu. Kwa kawaida tunayasikia maneno hayo kwa hofu, tukizifikiria dhambi zetu za siri. Lakini tuyasikie pia kama watarizi. Mambo yaliyofichika si dhambi tu. Kuna uvumilivu uliofichika, kuna macho yaliyoumia usiku kwa mwanga wa kibatari, kuna fundo lililofunguliwa na kufungwa upya ili bibi arusi asiaibike. Siku ile Bwana ataigeuza fremu. Sisi tuliozoea kuona upande wa mbele tutauona upande wa nyuma. Nao waliofanya kazi gizani watauona kwa mara ya kwanza uzuri wote walioufanya kwa vidole.

Na somo la kwanza linatuambia nini? Sayuni analia kwamba Bwana amemsahau. Naye Mungu anamwuliza kama mama anaweza kumsahau mtoto anyonyaye. Na hata akiweza, Yeye hatasahau. Yule mama wa benchi la nyuma, ambaye sisi tulimsahau, hakusahauliwa.

Basi, wapendwa, tufanye nini juma hili? Kwanza, tujifunze kutazama. Tukiona vazi lililonakshiwa vizuri, iwe gauni la arusi, kanzu, kofia au kitambaa cha altare, tusiulize tu bei yake wala mvaaji wake. Tuulize: ni nani aliyeishughulikia kazi hii, na ilimchukua siku ngapi? Makatekista wetu wanaweza kuwaonyesha watoto kitambaa cha altare, mbele na nyuma, kisha wawasomee habari za Bezaleli na Oholiabu. Mtoto atakayeelewa kwamba Roho wa Mungu hukaa pia katika vidole vya fundi, hataidharau kazi ya mikono.

Pili, tuwalipe mafundi wetu. Pasaka inapokaribia, na Komunyo ya Kwanza, na Kipaimara, wengi wetu humkimbilia fundi cherehani, tukamhimiza usiku na mchana. Tukishavaa, deni linasahaulika hadi Krismasi. Nguo ambayo haijalipwa, hata ikiwa nyeupe kiasi gani, ina doa. Aliye na deni kwa fundi alimalize kabla ya kupeleka sadaka yake altareni.

Tatu, tusisumbuke. Kuna mzazi anayemzuia mtoto wake asipokee Komunyo ya Kwanza kwa sababu hana gauni lenye lesi kama la mtoto wa jirani. Mzazi huyo ndiye anayeambiwa leo na Yesu Mwenyewe: usisumbuke. Mwanao amekwisha kutariziwa na Mungu, tangu tumboni mwako. Mlete alivyo, akiwa safi. Na wewe jirani mwenye lesi, furahia uzuri huo bila kiburi, na ikiwezekana umshirikishe mwenzako.

Tuombe. Ee Mungu, Fundi wa mbingu na nchi, uliyeyavika maua ya mashamba na kututarizi sisi sirini, tunakushukuru kwa mikono yote inayofanya mambo mazuri. Utujalie macho ya kuona kazi yao, mioyo ya kuwaheshimu, na haki ya kuwalipa. Na siku utakapokigeuza kitambaa cha maisha yetu, utukute tumeshona vizuri hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutuona. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.